Faili la kushea au seva ya kanzidata? Matawi manne, faili moja la Access, bosi anataka jibu Ijumaa

Mhasibu wa Uyole — Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mimi ni mhasibu wa duka la pembejeo hapa Uyole. Tuna matawi manne: Uyole penyewe, Igurusi, Tukuyu na Makambako. Tunauza mbegu, viuatilifu, na zaidi ya yote mbolea. Programu yetu ya mauzo ilitengenezwa mwaka 2013 kwa Microsoft Access, programu ya kanzidata (data iliyopangwa kwa majedwali), na kijana ambaye siku hizi hayupo nchini. Miaka yote kila tawi lilikuwa na faili lake. Jumamosi jioni wanakopi kwenye fleshi, fleshi inapanda Coaster, na Jumapili nikitoka ibadani nakaa kuunganisha. Ilikuwa inachosha, lakini hesabu zilikuwa zinafunga.

Tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/2023, kusubiri Jumapili hakuwezekani tena. Mkulima anakuja na namba yake anataka mifuko yake leo, na bosi anataka kujua kila jioni Urea imebaki mingapi na wapi. Mwezi wa saba tukapata kampuni ituhamishie mfumo kwenye wingu. Walikodi mashine iliyoko Ujerumani, wakaweka faili letu kwenye folda ya kushea, wakafunga VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) kila tawi, kompyuta zote zikawa zinaiona kama diski Z. Programu ileile, skrini zilezile. Waliniambia hakuna cha kujifunza upya, na kwa kweli nilifurahi.

Siku ya kwanza Makambako walifungua programu saa 2 kamili asubuhi, ikatulia saa 2 na dakika 11. Risiti moja ya bidhaa sita ilichukua dakika nzima na ushei kuhifadhi, wakulima wamejaa mlangoni. Siku ya pili tukauza mbolea ambayo haipo. Stoo kuu ilikuwa na mifuko 12 ya Urea. Tukuyu wakauza 12, na Igurusi wakauza 12 hiyohiyo ndani ya dakika ileile. Kompyuta ikaandika salio sifuri kama vile hakuna lililotokea. Mzee mmoja kutoka Chimala alikuwa ameshalipa na Bajaji yake imewashwa nje.

Siku ya tatu umeme ulikatika Igurusi wakati kijana ameshabonyeza kuhifadhi. Uliporudi, faili halikufunguka popote, hata hapa Uyole. Ujumbe ulikuwa mmoja kila tawi: hili si faili la kanzidata linalotambulika. Nilihangaika na kile kitufe cha kubana na kutengeneza faili hadi saa 9 usiku. Likafunguka, ila risiti 87 za siku ile hazikuwemo. Nilizirudisha moja moja nikisoma nakala za karatasi za mashine ya EFD. Za Tukuyu zilikuwa zimekaa dirishani juani na wino umefifia, ikabidi niziinamishie taa ya simu kwa pembeni ndipo tarakimu zionekane.

Tumerudi kwenye fleshi. Kampuni inasema tatizo ni intaneti yetu, tununue kubwa zaidi. Fundi mwingine anasema tutupe kila kitu tuandike upya kwa PostgreSQL, yaani seva ya kanzidata, miezi minne. Mvua zinaanza Novemba, na foleni ya mbolea huanza kabla yake. Je, kweli intaneti kubwa ingetuokoa? Faili lina GB 1.4. Nimepima ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) kutoka Uyole hadi ile seva, ni milisekunde 180. Makambako inacheza kati ya 190 na 210.

---

Fundi wa Sokomatola — Jumatatu, saa 5:10 usiku

Dada Mhasibu, pole sana. Hizo risiti 87 nazielewa, nami nimewahi kukesha na kazi ya namna hiyo.

Jibu la swali lako la mwisho kwanza: msinunue intaneti kubwa. Haitasaidia, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Faili la Access halina mtu ndani yake. Ni kurasa za kilobaiti 4 zilizopangwa kwenye diski, basi. Kazi yote ya kutafuta, kulinganisha na kuandika inafanywa na kompyuta iliyolifungua, yaani ile ya Makambako. Akitafuta mkulima mmoja, kompyuta yake inaomba ukurasa wa kwanza wa indeksi (orodha ya kutafutia), inausubiri, inausoma, ndipo inajua ukurasa gani unafuata, inauomba huo, inausubiri tena. Fikiria uko Makambako na unataka gunia moja lenye alama fulani kwenye stoo ya Igurusi. Badala ya kumpigia mtunza stoo akakutafutie, unaagiza wakuletee magunia kwa lori, moja moja, ufungue mwenyewe uangalie kama ndilo. Ukipanua barabara lori halitafika upesi zaidi kama safari zenyewe bado ni mia tatu.

Niliwahi kuhesabu maombi ya programu inayofanana na yako kwa kusikiliza mtandao wakati risiti moja ya bidhaa sita inahifadhiwa. Yalikuwa 340. Ndani ya duka, kwa kebo, ambapo kila ombi linajibiwa chini ya milisekunde 1, hiyo ni theluthi moja ya sekunde na hakuna anayeiona. Kwa milisekunde 180 zako, zidisha: sekunde 61. Ndiyo dakika moja na ushei uliyoandika. Bando kubwa linaongeza mzigo unaoweza kupita kwa sekunde. Halipunguzi muda wa kwenda Ujerumani na kurudi, kwa sababu huo ni umbali na mlolongo wa vituo vya njiani.

Sasa hilo la faili kuharibika, ambalo kwangu ndilo zito. Kwa folda ya kushea, kila kompyuta ina kalamu na zote zinaandika kwenye daftari moja. Kinachozuia zisigongane ni kifaili kidogo cha kufuli kinachokaa pembeni ya faili lenu, utakiona kina mwisho wa laccdb, pamoja na uungwana wa kila kompyuta kukiheshimu. Kuhifadhi risiti kunagusa kurasa nyingi: ya risiti, ya bidhaa, ya stoo, na za indeksi zake. Umeme wa Igurusi ulikatika kompyuta ikiwa imeshaandika baadhi na nyingine bado. Upande wa Ujerumani hakukuwa na yeyote aliyejua kwamba kurasa zile zilikuwa kitu kimoja na zilipaswa kurudishwa nyuma. Diski ilipokea ilichopewa, ikanyamaza.

Niliyaona haya Ubaruku mwaka 2016 kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ofisi na mizani vilikuwa mita kama 300, vimeunganishwa kwa antena za Wi-Fi, faili liko ofisini. Kila lori kubwa la mpunga likisimama katikati ya antena, mtandao unakata, na karibu kila wiki faili linakufa. Nilibadilisha antena mara mbili nikidhani tatizo ni hizo. Baadaye nikachukua kompyuta ya mezani ya zamani, nikaifunga na UPS (betri ya akiba), nikaweka PostgreSQL. Malori yaliendelea kusimama palepale na mtandao uliendelea kukata. Mtu wa mizani alikuwa anapata ujumbe kwamba hakujahifadhiwa, anarudia, basi. Hesabu haikuharibika tena.

Tofauti ni kwamba seva ya kanzidata ni mtu aliyekaa pembeni ya diski. Wewe humwombi kurasa. Unampa sentensi nzima: punguza mifuko 12 kwenye salio la Urea iwapo bado ipo 12 au zaidi, na uandike risiti hii, vyote kwa muamala mmoja. Anaandika kwanza kwenye shajara yake kwamba anataka kufanya hivyo, ndipo anagusa jedwali. Umeme ukikatika kwako katikati, sentensi haijakamilika, anaifuta. Ukikatika kwake, akiwaka anasoma shajara na kumalizia au kufuta. Na Tukuyu na Igurusi wakituma sentensi ileile kwa pamoja, mmoja anapata mifuko, wa pili anaambiwa haitoshi. Yule mzee wa Chimala angeambiwa kabla hajatoa hela.

Kwa hiyo kwa matawi manne yaliyo mbali, kwangu hakuna mashaka: seva. Lakini kuna mtego, tafadhali usikie hapa. Yule fundi wa PostgreSQL akikwambia atahamisha majedwali tu kwenda kwenye seva na fomu zenu za Access (zile skrini za kujazia) zibaki kwenye kompyuta za matawi, mkatalie. Mwaka 2019 mimi nilifanya hivyo kwa mteja mmoja. Fomu za zamani zimezoea kusoma mstari mmoja mmoja, kwa hiyo zikaendelea kutuma sentensi ndogondogo mia kadhaa, na kila moja inasafiri. Faili halikuharibika, lakini kasi ilibaki mbaya na mteja alikuwa na haki ya kulalamika. Programu inayofanya kazi lazima ikae karibu na kanzidata, mashine hiyohiyo au jirani yake. Kinachosafiri hadi Makambako kiwe ukurasa uliokamilika wa kivinjari, ombi moja, jibu moja.

---

Kijana wa Mafinga — Jumanne, saa 1:25 asubuhi

Kamwene wote. Shikamoo Fundi.

Nakubaliana na mengi ila naomba tusilihukumu faili bure. Nina mfumo wa yadi ya mbao hapa Mafinga, watumiaji watano, uko kwenye seva moja ndogo ya kukodi na kanzidata yake ni SQLite, yaani faili. Mwaka wa tatu huu, haujaniangusha. Programu na faili viko mashine moja, diski moja, na watu wanaingia kwa kivinjari. Hakuna ukurasa wa faili unaovuka waya.

Nilipoumia ni pale nilipotaka mashine mbili. Nilidhani nikiwa na seva mbili za programu na faili liko kwenye folda ya mtandao, moja ikizimika nyingine itaendelea. SQLite ina ule mtindo wa kuandika kwenye shajara kwanza, WAL, ulioingia toleo la 3.7.0 mwaka 2010. Nilikuwa nautumia na ndio unaofanya wasomaji wasimsubiri mwandishi. Lakini unategemea memori ambayo programu zote zinaishea, na memori haisheiki kati ya mashine mbili. Wenye SQLite wenyewe wameandika wazi kwamba WAL haifanyi kazi juu ya folda ya mtandao, na kwamba kufuli za faili kwenye folda nyingi za mtandao haziaminiki. Sikuwa nimesoma. Siku mbili nilikuwa napata ujumbe kwamba kanzidata imefungwa, nikarudi kwenye mashine moja na nimebaki hapo.

Kwa hiyo dada, swali ambalo ningeliuliza mimi kabla ya jina la kanzidata ni hili: nani analifungua faili, na yuko upande gani wa waya? Kwa duka lako mwandishi ni mmoja kwa wakati mmoja katika SQLite, na risiti moja inachukua milisekunde chache. Matawi manne hayatalishinda. Seva ya PostgreSQL inataka mtu wa kuiangalia, kuipandisha toleo, kujua memori yake. Je, huyo mtu mnaye?

---

Fundi wa Sokomatola — Jumanne, saa 2:50 asubuhi

Marahaba kijana. Umesema kweli na nakushukuru, maana nilichanganya mambo mawili. Faili lililoko mashine moja na programu yake si kosa. Kosa ni kulifungua kwa mbali.

Bado kwa duka la dada ningeweka PostgreSQL, kwa sababu mbili tu. Bosi wake atafungua tawi la tano, hilo nalijua kwa wafanyabiashara wa mbolea. Na siku watakapotaka ripoti nzito ya msimu mzima mchana wa foleni, pamoja na watu watatu wa nje wanaoingiza data, nataka kila mstari uwe na kufuli yake. Lakini kama ungeniambia tawi moja na kompyuta tatu, ningekwenda na njia yako.

---

Msimamizi wa Mtandao, Iringa — Jumanne, saa 7:15 mchana

Naongeza yangu kwa sababu ninaona mambo matatu hayajaguswa, na la kwanza linanitia hofu.

Mdogo wangu Mhasibu, hakikisha ile folda ya Ujerumani haionekani kwenye intaneti ya wazi. Umesema kulikuwa na VPN, vizuri, lakini nimekuta mara nyingi fundi anafungua mlango wa mtandao (port) namba 445 "kwa muda" ili ajaribu, kisha anasahau. Ule ndio mlango wa kushea mafaili ya Windows. WannaCry mwezi Mei 2017 ilipita humohumo ikafunga mafaili ya watu dunia nzima ikidai hela. Seva ya kanzidata nayo haisalimiki: PostgreSQL inasikiliza mlango 5432, na ukiuacha wazi, ndani ya saa chache utaona kwenye kumbukumbu watu wanajaribu paswedi. Milango yote miwili ikae nyuma ya VPN. Kinachoonekana nje kiwe ukurasa wa kuingilia peke yake, wenye cheti cha usalama (https).

La pili ni majina ya wakulima. Mna namba zao za simu, labda na za vitambulisho, na mmezipeleka nje ya nchi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ina masharti juu ya kusafirisha taarifa nje na juu ya kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwambie bosi alimalize hilo na mwanasheria kabla hamjachagua seva ikae wapi. Huenda jibu likawa Dar es Salaam, na hapo hata milisekunde zako zitashuka sana.

Na bekapu. Kukopi faili la Access wakati watu wameliwasha siyo bekapu, unaweza kukopi nusu ya risiti. Kuweka faili kwenye folda zile zinazojilinganisha zenyewe kati ya kompyuta ni hatari zaidi, kila tawi litaishia na nakala yake na hutajua ipi ni ya kweli. Kwa PostgreSQL kuna pg_dump, inatoa picha ya wakati mmoja huku mauzo yanaendelea. Iendeshwe kila usiku, nakala iende mahali pengine tofauti na seva, na mara moja kwa mwezi mtu airudishe kwenye laptopu na kuhesabu risiti. Hapa chuoni kwetu tulikaa mwaka mzima tukiamini tuna bekapu. Siku tuliyozihitaji tulikuta kila usiku limeandikwa faili la baiti sifuri, kwa sababu diski ya bekapu ilishajaa.

---

Mhasibu wa Uyole — Jumatano, saa 2:05 usiku

Asanteni sana, siwezi kueleza. Nimeyachapa haya yote na kumsomea bosi.

Leo nimefanya jaribio. Nimelirudisha faili kwenye kompyuta ya hapa Uyole, nikahifadhi risiti ya bidhaa sita nikiwa na saa: haikufika hata sekunde moja. Kisha nimeunganisha laptopu kwa intaneti ya simu yenye kasi mara nne ya ya dukani, nikafungua ile nakala ya Ujerumani. Sekunde 58. Bosi amekaa pembeni yangu akitazama saa, na la kununua bando kubwa ameliacha hapohapo. Dada wa Iringa, nimewauliza kampuni kuhusu mlango 445. Walikawia kujibu, na jioni wakasema sasa umefungwa.

Nina maswali mawili. Miezi minne ya kuandika upya inatupeleka Desemba, katikati ya msimu. Tufanye nini mpaka hapo? Na Makambako wanaweza kukaa nusu siku bila intaneti. Kwa fleshi walau walikuwa wanauza.

---

Fundi wa Sokomatola — Jumatano, saa 3:30 usiku

La kwanza ni rahisi kuliko unavyodhani. Hamuwezi kuileta kanzidata karibu na programu kwa sasa, basi pelekeni programu karibu na kanzidata. Ile mashine ya kukodi iwe ya Windows, wekeni Access na faili ndani yake vyote viwili, na matawi yaingie kwa skrini ya mbali. Kinachosafiri ni picha ya skrini na vibonyezo. Zile safari 340 zinafanyika ndani ya mashine moja. Umeme ukikatika Igurusi, programu inaendelea kuhifadhi kulekule kwenye wingu, na kijana akirudi anakuta risiti yake. Kila mtumiaji apewe nakala yake ya fomu, majedwali tu ndiyo yawe ya pamoja. Leseni za skrini ya mbali hulipiwa kwa kila mtumiaji, ulizeni kabla. Na hiyo skrini ipite ndani ya VPN, kama dada wa Iringa alivyosema juu ya milango mingine. Herufi zitachelewa kidogo mtu akichapa, wavumilie.

Ni ya muda, dada. Access inakomea GB 2 kwa faili na nyie mko 1.4. Toeni mauzo ya 2013 hadi 2018 yawekwe faili la pembeni, mpumue msimu huu.

La pili ndilo la kufikiria vizuri, kwa sababu seva haijibu hilo yenyewe. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na nchi nzima ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua, wateja wangu wenye mifumo ya wingu walirudi kwenye vitabu vya risiti. Tangu hapo kila mfumo ninaoandika una foleni tawini: kompyuta ya Makambako inahifadhi mauzo kwake, ina orodha ya bei na ya wakulima ya jana usiku, na mtandao ukirudi inatuma. Hapo hutumi salio. Ukituma "Urea imebaki 30" utafuta mauzo ya wenzako. Unatuma tukio: Makambako, risiti namba fulani, mifuko 5, saa fulani. Namba ianze na herufi za tawi, isigongane na ya tawi lingine, na seva ikiipokea mara mbili iitambue na kuikataa ya pili.

Na mifuko 12 isiyokuwepo utaizuia kwa utaratibu wa stoo. Tawi lililokatika mtandao liruhusiwe kuuza mifuko iliyo kwenye stoo yake tu, ile mtu anayoweza kuigusa kwa mkono. Kuuza kutoka stoo kuu kuhitaji mtandao. Muulize bosi hilo kabla ya kumuuliza fundi yeyote.

---

Mhasibu wa Uyole — Jumamosi, saa 10:20 jioni

Bosi amekubali vyote viwili. Skrini ya mbali inaanza wiki ijayo kwa Igurusi peke yake, wakizoea tunaongeza Tukuyu, halafu Makambako. Kazi ya PostgreSQL inaanza taratibu, bila kukimbizana na mvua. Uuzaji wa stoo kuu bila mtandao umepigwa marufuku kuanzia leo, amewapigia wasimamizi wote mwenyewe mbele yangu.

Nimeanza kutoa majedwali kwa majaribio na nimekwama kidogo. Wakulima 1,312 namba zao za simu zimepoteza sifuri ya mbele, na baadhi ya bei zimekuja na senti ambazo hazikuwepo.

---

Kijana wa Mafinga — Jumamosi, saa 10:45 jioni

Dada, safu ya simu itengeneze iwe ya maandishi kabla ya kuingiza data, siyo baada. Sifuri ikishapotea huwezi kujua aliyekuwa nayo na ambaye namba yake iliandikwa vibaya tangu mwanzo. Usipitie Excel katikati, hiyo ndiyo inayozila. Bei ziwe aina ya numeric zenye desimali mbili, usichague float (inayokadiria tu desimali) hata ikipendekezwa. Futa hayo majedwali ya majaribio uanze upya, ndiyo kwanza yako matatu.

---

Mhasibu wa Uyole — Jumamosi, saa 1:10 usiku

Nimefuta, nimeanza upya na simu kama maandishi. Sifuri zote zimerudi, isipokuwa wakulima 9 wa Tukuyu. Nimefungua faili la zamani, hata humo hazikuwepo. Jumatatu nawapigia tawini wanitafutie.